Konzi Mbili

"Maji ya tambi," baba aliambiwa siku ya kwanza
katika jiko la mapadri Waitaliano,
"yawe na chumvi kama bahari."

Bahari ipi? Baba ni mtu wa Kabare.
Maji makubwa aliyoyajua ni ya Kivu,
na ya Kivu unayachemshia chai.
Akatia konzi moja. Padri akaonja, akatikisa kichwa.
Akatia ya pili. Padri akaonja,
akabaki na kijiko mdomoni,
macho dirishani, kwenye migomba,
kama mtu aliyesikia mama yake akimwita.
Hapo baba akajua: konzi mbili.

Ikawa sheria ya nyumba yetu, hapa Kadutu,
hata kwa pakiti moja ya sikukuu,
hata mwaka ule wa risasi,
chumvi ilipouzwa kwa kijiko cha chai
na mama akapiga kelele:
"Mwaga bahari yako! Kesho tutakula nini?"

Leo Zihalirwa amerudi kutoka Durban.
Miaka kumi na mmoja.
Amevuka Ruzizi kwa miguu, boksi kichwani.
"Nimewaletea kamba," akasema,
na shangazi Nsimire: "Za kufungia mbuzi gani?"
Barafu ilifia mpakani. Mtu wa forodha alifungua,
akatazama yale masharubu, akafunga haraka,
hakuomba hata moja.

Umeme umekatika kabla sijamenya kitunguu.
Basi mbabula, makala, na kifuniko cha ndoo cha kupepea.
Kamba ninawavua magamba, nawatoa ule uzi mweusi mgongoni.
Hawatoshi watu tisa,
naongeza sambaza za asubuhi,
bado zina taa za wavuvi machoni.
Kitunguu saumu mpaka jirani akohoe.
Nyanya. Pilipili moja, nzima, isipasuke.
Mvinyo mweupe hatuna: namimina kasiksi ya Walungu,
inachemka kwa hasira, kisha inakuwa tamu.
Maziwa mazito. Jibini ya Masisi, nusu gurudumu,
nakwaruza mpaka vidole vinaomba msamaha.

Maji yanachemka. Hakuna anayegusa chumvi.
Tunamngoja mwenyewe.

Baba anakuja na kigoda chake, anafumba mkono ndani ya kopo.
Konzi ya mzee si konzi ya kijana:
naona chumvi inavyovuja kati ya vidole,
inaanguka kwenye makala, inalia.
Moja. Mbili.

"Baba," anasema Zihalirwa, "mimi nimeionja.
Wiki ya kwanza, nimetoka kazini alfajiri,
nimevaa bado sare ya ulinzi,
nikaingia mpaka magotini, nikachota kwa kiganja.
Bahari hainyweki. Ni chungu.
Tambi za chumvi ile hata mbwa angezikataa.
Yule padri alikudanganya."

Nakoroga mchuzi usiohitaji kukorogwa.
Baba anafikiri. Anafuta mkono kwenye suruali.
"Na wewe," anauliza, "ulipokuwa unaonja,
ulikuwa unatazama wapi?"

Zihalirwa anachukua sahani, anazihesabu.
Anazihesabu tena. Ni tisa tu, hazikimbii.

Na baba, bila kumwangalia mtu,
anarudisha mkono kwenye kopo.
Tatu.

Tulikula. Watoto walivuta tambi kwa kelele,
mchuzi ukawachora ndevu,
Nsimire akavunja kichwa cha kamba, akakinyonya,
akasema mbuzi huyu anafaa.
Hakuna aliyetaja chumvi.

Lakini usiku kucha tuliamka kwa kiu,
mmoja baada ya mwingine, tukipapasa ukuta,
tukikutana gizani kwenye bidoni la maji.
Mara ya mwisho niliyoamka
walikuwa wawili pale, wamechuchumaa,
kikombe kimoja kinakwenda na kurudi,
na sikusikia neno,
ila koo la mmoja,
kisha koo la mwingine.